Verna Anayezipima Nyumba za Wazee kwa Shuka Chafu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Milwaukee, na baridi inauma hadi kwenye meno. Verna Jablonski anarudisha lori lake kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma wa nyumba moja ya kulelea wazee. Anashuka, anakung'uta theluji kwenye buti, na kabla hajamsalimia mtu anainua mfuko wa kwanza wa shuka chafu kwa mkono mmoja.

"Mwepesi," anasema, na uso unamkunjamana. "Wazee arobaini ghorofa hii, halafu mfuko mwepesi hivi? Jamani!"

Mtu mwingine angefurahi, maana mfuko mwepesi ni nafuu kwa mgongo. Lakini Verna, mwenye miaka sitini na nne, ameshughulika na shuka za wazee wa mji huu kwa miaka ishirini na sita. Tisa ya mwanzo alikuwa akizichambua kwenye kiwanda cha kufulia, iliyobaki amekuwa dereva. Kwa wiki anapita nyumba kumi na nne, zote kwa mlango wa nyuma, kwa ujira wa dola ishirini na moja kwa saa.

Nimeishi mji huu miaka kumi na minane, na sijaona mtu anayeulizwa ushauri kama huyu mama. Alhamisi akienda kucheza boli ya kuangusha pini, Ijumaa akila samaki wa kukaanga na mkate wa shayiri, Jumapili akitoka kanisani, lazima atokee mtu wa kumvuta pembeni. "Verna, baba ametolewa hospitali. Wametupa orodha ya nyumba. Tufanyeje?"

Serikali huzipa nyumba hizo nyota, kuanzia moja hadi tano, na yeyote mwenye simu anaweza kuzilinganisha akiwa kitandani kwake. Verna hazidharau.

"Nyumba ya nyota moja hata paka wangu simpeleki," anasema. "Ila sehemu ya nyota hizo hutokana na yale nyumba yenyewe iliyoandika kujihusu. Mtu akijisahihishia mtihani, utashangaa akipata mia?"

Yeye anasoma shuka. Mzee asiyeweza kuamka, akigeuzwa na kubadilishwa kwa wakati, hutoa shuka nyingi zenye unyevu kidogo. Aliyesahauliwa hutoa shuka moja, yenye duara za kahawia zilizozungukana, kama sufuria iliyokaukiwa chai jikoni.

"Duara moja maana yake mkojo umekauka, halafu akakojoa tena palepale," Verna ananieleza, na sauti inapanda. "Mtu mzima, aliyelea watoto, aliyelipa kodi! Analala pale anangoja. Duara zikiwa tatu, hebu piga hesabu kangoja kiasi gani."

Kampuni inamkataza kusema lolote kuhusu wateja wake, wala kufungua mifuko, wala kupakia abiria. Kwa hiyo hasemi, na siku hizi mfuko huupima kwa mkono tu. Huishika orodha ya mtu, huitazama, kisha huuliza kwa upole, "Hii ya nne umeitembelea?" Watu wameshajua maana yake: hiyo ndiyo ya kwenda.

Halafu Novemba iliyopita zamu ikawa yake.

Dada yake, Lucille, mwenye miaka sabini na saba, aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Huyu si dada tu. Mama yao alifariki Verna akiwa na miaka tisa, na Lucille, akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa na mchumba na mipango yake, akaahirisha harusi miaka minne amlee mdogo wake. "Kanisuka nywele, kanifundisha kuendesha gari, kanichapa pia," Verna anasema. "Nilistahili."

Baada ya upasuaji, Lucille alikuwa hajielewi vizuri kwa sababu ya dawa. Hospitali ikatoa orodha ya nyumba sita na kusema jibu linatakiwa Ijumaa saa sita mchana. Nyumba ambayo Verna angeichagua bila kufikiri haikuwa na kitanda. Tatu alizifuta palepale. Zikabaki mbili: moja ya nyota tano karibu na ziwa, nyingine ya nyota mbili nyuma ya kiwanda cha soseji. Sizitaji majina, kwa sababu shuka si ushahidi wa mahakamani, na Verna ndiye wa kwanza kusema hivyo.

Mwenye uamuzi hakuwa yeye. Kwa karatasi aliyosaini Lucille zamani, ikitokea hajiwezi, anayeamua ni mwanawe wa pekee, Randall, anayeuza bima huko Arizona. Akafika Jumatano na jibu mfukoni.

"Mama mdogo, nimezilinganisha zote sita," alisema, simu mkononi. "Ile ya ziwani ina nyota tano. Mapokezi wana piano, wana samaki kwenye tangi la kioo, wanaoka biskuti saa nane mchana. Unataka nimtupe mama yangu kwenye nyota mbili?"

"Hiyo piano anaipiga nani?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ninaingia pale miaka kumi na saba sijaisikia. Kesho saa kumi na moja na nusu uwe nje ya nyumba yangu. Vaa viatu vya watu wanaofanya kazi."

"Si umeniambia wanakukataza kupakia watu?"

"Wananikataza."

Verna anakiri kwamba usiku ule hofu ilimshika kweli. Hakuogopa kazi. "Nilijiuliza, je, nikikosea? Wengine nimewashauri nikaenda zangu kulala. Huyu ndiye aliyenilea. Nikimweka pabaya, nitamtazamaje usoni?"

Alhamisi Randall alipanda lori amevaa viatu vyake vya kung'aa. Nyuma ya nyumba ya nyota tano, mifuko mitatu ilikuwa inangoja.

"Mitatu tu," Randall akasema, kichwa juu. "Unaona? Wasafi."

Verna alimpa glavu, akafungua mfuko, akatandaza shuka moja juu ya toroli. Harufu ikamrudisha Randall hatua mbili nyuma.

"Rudi hapa. Hesabu."

Randall akahesabu duara kwa kidole. Alipofika ya nne akaacha. Shuka ya pili ilikuwa vilevile. Ya tatu ilikuwa na damu kidogo katikati, pale ambapo kiuno cha mtu hulalia.

"Hicho ni kidonda cha kulala," Verna akamwambia. "Mtu asipogeuzwa, ngozi inaoza."

Kwenye nyumba ya nyota mbili walikuta mifuko kumi na mmoja imerundikwa hadi dirishani. Mtunza stoo, Cleophus, jamaa mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa anaisukuma kwa goti.

"Kumi na mmoja!" Randall akamaka. "Hawa mbona wachafu hivi?"

Cleophus akamtazama Verna. "Huyu nani?"

"Mtoto wa dada yangu. Anauza bima."

"Aa, nimeelewa." Akamgeukia Randall. "Bwana mkubwa, wewe ukinyeshewa, hubadili suruali? Hapa tunabadili. Ndiyo maana huyu mama ananinunia kwa uzito wa mifuko kila nikimfungulia mlango."

Randall alishika shuka moja baada ya nyingine. Unyevu ulikuwepo, duara hazikuwepo. Ila hakuwa mtu wa kukubali kirahisi, na hapo nampa haki yake. "Basi kwa nini nyota mbili?"

"Tumejitakia wenyewe," Cleophus akasema. "Mkuu wetu wa wauguzi anaandika kila kitu. Mzee akiteleza akakaa kwenye zulia, hata hakuumia, ameandikwa. Yule mama ungepiga chafya angekuandika. Halafu mkaguzi akaja akakuta friji ya jikoni haipoi, na mlango wa moto umezuiwa na kiti. Hilo lilikuwa kosa letu, sikufichi. Friji tumenunua mpya, kiti nimekivunja mimi mwenyewe."

"Na wahudumu?"

"Wa ghorofa ya pili ana miaka kumi na mmoja hapa. Wa tatu ana saba. Kule kwenye piano muulize Verna kama ameshaona sura ileile miezi miwili."

Verna akatikisa kichwa.

Wakiwa njiani kurudi, kwenye taa za barabarani karibu na hospitali, Randall akaziba uso kwa mikono. "Kumbe ningempeleka pale. Tena ningejisifu." Verna anasema alimpigapiga mgongoni kwa mkono wenye glavu chafu, na hakuna aliyejali. Ijumaa saa tano, Randall akasaini nyumba ya nyota mbili.

Jumatatu msimamizi wa Verna akamwita. Kamera ya getini ilimwona abiria. Akasimamishwa siku tatu bila mshahara. "Aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia kweli, na kitandani angekuwa mama yako, ningekupakia na wewe." Siku tatu msimamizi hakuzipunguza.

Juni mwakani Verna atastaafu. Hana mpango wa kukaa nyumbani kulisha paka. Ameshajaza fomu ya kuwa mmoja wa wale watu wa kujitolea wanaopokea malalamiko ya wazee, ambao sheria inawaruhusu kuingia nyumba yoyote na kuzungumza na mzee yeyote. Mafunzo yanaanza Julai. "Miaka yote nimeona shuka, sikuwaona wenyewe," anasema. "Nataka niwafikie wangali wamelala juu yake."

Ijumaa iliyopita nilikwenda naye kumwona Lucille. Ni siku ambayo nyumba ile humpa kila mzee anayetaka glasi ndogo ya bia. Lucille, akili zimemrudi zote, alikuwa anacheza karata na jirani yake na kumwibia waziwazi. Anatembea hatua ishirini kwa fremu ya kujishikiza, na Verna anaomba kufikia Pasaka arudi nyumbani.

"Mwandishi, unataka kujua hapa pakoje?" Lucille akaniuliza, akiweka karata chini. "Juzi usiku nilijikojolea. Miaka sabini na saba, sijawahi. Nikabonyeza kengele."

Verna aliyekuwa anakunja blanketi akasimama. "Wakaja baada ya muda gani, dada?"

"Sikutazama saa, mdogo wangu. Walikuja kabla sijaanza kulia."