Tangi la Shela na Alama ya Kutoa

Mwanangu, umeniambia programu yako ya aljebra sasa inarahisisha kila hesabu inayopewa, nami nimefurahi. Lakini iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau. Isikie kabla hujawagawia watu hiyo programu.

Nilikuwa mwalimu mpya wa hisabati hapa kisiwani Amu. Mwenzangu alikuwa Njeri, mwalimu kutoka bara, mwepesi wa kucheka, na baada ya vipindi tulikuwa tukiandika programu ya kurahisisha hesabu za herufi. Mimi nilishika visehemu, yeye vipeuo. Kaka yangu Swaleh, mhandisi, aliipenda mno. Akaitumia kukokotoa uzito wa tangi la maji alilokuwa akiliweka juu ya paa la nyumba ya wageni kule Shela.

Asubuhi hiyo nilikuwa naijaribu kwa nambari hasi. Chukua hasi tatu, izidishe kwa yenyewe, unapata tisa. Na kipeuo cha pili cha tisa ni tatu. Programu ikanijibu hasi tatu! Njeri alikuwa ameiamuru ifute mraba na kipeuo kwa pamoja, irudishe herufi kama ilivyokuwa, bila kuuliza kama ni hasi. Katika hesabu za Swaleh, umbali wote wa upande wa kushoto wa paa uliandikwa kwa nambari hasi, na mzigo ulikokotolewa kwa umbali huo. Basi mzigo wa kushoto ulikuwa umetolewa mahali pa kujumlishwa. Na tangi lilikuwa linajazwa siku hiyo hiyo.

Nikampigia Swaleh simu, haikushikwa. Nikapiga tena na tena. Njeri alipoona jibu kwenye skrini, uso ulimbadilika.

"Twende," akasema.

Tukaingia kwenye boti ya Shela. Ndiani nikamnong'oneza, "Tutasema kompyuta imeharibika. Wewe mgeni hapa, watakusema vibaya." Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, nadhani akiomba.

Tuliwakuta mafundi wamekaa chini ya paa lile lile wakinywa chai, na huko juu maji yanasikika yakiingia. Njeri hakungoja hata salamu.

"Bwana Swaleh, funga maji! Nimekosea kwenye kipeuo. Uzito wa kushoto umetolewa, haukujumlishwa!"

Swaleh hakuuliza mara mbili. "Tokani nde nyote!" akawapigia mafundi kelele, mwenyewe akakimbilia bomba. Tukasimama uchochoroni tukitazama juu. Boriti ya kushoto ilikuwa imepinda, na ukutani pale ilipokalia, chokaa inapukutika kidogo kidogo. Haikuanguka, alhamdulillahi. Maji yakatolewa, boriti ikabadilishwa, nguzo zikaongezwa, na mwenye nyumba akafoka mpaka sauti ikamkauka.

Mambo yalipotulia nikamwambia kaka yangu nililokuwa nimepanga kusema, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Ungeniambia kompyuta imeharibika, ningeizima nikaiwasha, na maji yangeendelea kuingia," akasema. "Huyu amenambia kosa ni lipi na liko upande upi."



Mimi na Njeri tuliirekebisha programu. Kabla ya kufuta chochote, iulize kwanza: yaweza kuwa hasi? Isipojua, iiache hesabu ndefu vile vile, hata kama haipendezi kuitazama.

Basi mwanangu, usifupishe usilolijua. Hesabu ndefu iliyo sahihi haijamuumiza mtu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usijifiche nyuma ya mashine. Taja kosa kwa jina lake, upesi, kwa mtu anayesimama chini yake.

Mwenyezi Mungu akufungue fahamu, aulainishe ulimi wako siku ya kukiri, na kazi ya mikono yako isimwangukie mtoto wa mtu.