Gunia la Madanzi Kariakoo

Kilichonitoa nyumbani ni msumeno. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, huku milimani juu ya Muheza, alisimama kikaoni akasema midanzi yangu kumi na minne inakula nafasi bure; ikatwe, tupande michungwa mitamu ya kubebesha. "Bi Mwanaidi, danzi nani analitaka? Hata ngedere wanaonja wanatema!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Midanzi ile aliipanda marehemu mume wangu mwaka tuliooana, na maji ya kuimwagilia niliyabeba mimi kwa kichwa hiki. Nikamwambia, "Nipe mpaka Jumamosi nilete mnunuzi." Akasema sawa, Jumamosi saa tatu asubuhi anakuja na msumeno.

Jumatano alfajiri nikapanda basi na gunia moja, nimechagua yaliyoiva vizuri. Ninyi mnajua, huku kwetu kwenye baridi danzi likiiva linawaka rangi, wakati chungwa tamu la bondeni linabaki kijani mpaka siku ya kuliwa. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Jioni nikafika Magomeni kwa wifi yangu Salma, dada wa marehemu. Salma ni mtu wa mjini hasa, anajua kila kitu na hangoji kuulizwa. Akachungulia ndani ya gunia.

"Wifi, hapa Bongo ukisema danzi umekwisha. Sema machungwa ya mlimani. Kwa rangi hii? Yatagombaniwa!"

"Na wakionja je?"

"Wakionja si watakuwa wameshanunua?"

Nikacheka, nikakubali. Aibu hiyo ni yangu, naisema mwenyewe kabla Salma hajawasimulia.

Alhamisi saa mbili asubuhi, bajaji ikanishusha Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Jamani, watu! Kila duka lina spika yake, na kila spika inapiga kelele kuishinda ya jirani. Nikapata upenyo pembeni mwa mzee mmoja anayeuza asali kwenye chupa.

"Umetoka wapi, dada?"

"Muheza, kaka. Ila mimi Mzigua."

Akapiga makofi. "Mzigua! Kumbe mtumwa wangu! Mimi Maganga, Mnyamwezi wa Tabora." Hapo hapo, bila hodi, mkono ukaingia guniani ukatoka na danzi kubwa kuliko yote. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani hanyimwi, wala hakasirikiwi. Akalikata, nusu nzima akaitupia mdomoni.

Jicho moja likafumba. La pili likatoa machozi. Akapapasa chupa yake, akapiga kijiko cha asali, cha pili, cha tatu. "Mzigua, umeniua!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Nilidhani atanitangaza kwamba nadanganya watu. Wapi! Akaniangalia, akaiangalia asali yake, kisha akapaza sauti: "Karibuni machungwa ya mlimani! Kuonja bure!" Akaja kijana mmoja, akaonja, akakunja uso kama kakanyaga moto. Maganga kijiko tayari mkononi: "Pole mwanangu, lamba asali kidogo, utulize ulimi." Kijana akanunua chupa. Wakaja wasichana wawili, chupa mbili. Kufika adhuhuri boksi la asali limekaribia kwisha, na mimi sijauza hata danzi moja. Mwanamke mmoja wa Kihindi, mtu mzima, amevaa sari na kikapu mkononi, alipita mara mbili. Mara zote nikamwambia, "Machungwa ya mlimani, mama," na mara zote akasema, "Machungwa ninayo nyumbani," akaenda zake.

Saa nane mchana Maganga akaita tena, "Mzigua, waonyeshe wateja utamu huo!" Hasira zikanipanda. Utani una mipaka yake. Nikasimama.

"Utamu gani! Ni madanzi haya! Machachu, machungu, ya kukunja uso! Asiyetaka apite!"

Mtaa mzima ukacheka. Nikaanza kufunga gunia huku machozi yananitoka. Nilikuwa nauona msumeno.

"Umesema danzi?"

Ni yule mama wa sari, amegeuka. "Nimepita hapa mara mbili. Mbona hukusema?" Akajitaja, Mama Hansa, ana duka la achari mtaa wa nyuma. Akachukua kipande, akakitafuna na ganda lake. Maganga akamsogelea na kijiko. Tukangoja.

Mama Hansa hakukunja uso. Akafumba macho, akatafuna taratibu.

"Achari ya mama mkwe wangu ilikuwa ya hili," akasema. "Tangu afariki natia ndimu, na wateja wanalalamika kwamba siyo ile." Maganga akarudisha kijiko kwenye chupa. "Lakini wewe umeniletea yaliyoiva. Mimi nataka mabichi, ya kijani, yenye ganda gumu."

Yaani yale niliyoyaacha mtini! "Yapo," nikamwambia, "mpaka Jumamosi saa tatu." Akauliza kwa nini saa tatu, nikamweleza yote. Akanipa ndoo sita tupu zenye vifuniko, na namba yake ya simu.

Ijumaa nikarudi na ndoo zangu. Konda akaniuliza, "Mama, unahama au unaenda kuteka maji?" Basi likaharibika njiani, tukafika Muheza magari ya mlimani yameshaondoka. Ikabidi nilale pale pale.

Jumamosi nikapanda mlima mapema, na nikiwa bado kwenye kona ya shule nikasikia msumeno. Mwenyekiti wetu, ambaye hajawahi kuwahi hata kikao chake mwenyewe, siku hiyo aliwahi! Nilikuta mdanzi mmoja uko chini. Nikalia, sifichi. Kisha nikapanga ndoo mbele ya msumeno, nikampigia simu Mama Hansa, nikaweka sauti ya juu wote wasikie.

Mwenyekiti akajikohoza. "Mama, nisikudanganye. Madanzi haya ni machachu sana."

"Mwanangu," Mama Hansa akasema, "ningetaka tamu si ningenunua sukari? Ndoo zimejaa?"

Msumeno ukazimwa. Wenzangu, siku hiyo hiyo mlipanda wenyewe kuchuma.

Nilichojifunza ni kwamba nusu siku nzima niliificha sifa ya mali yangu, na aliyekuwa anaitafuta akanipita mara mbili. Midanzi kumi na mitatu imesimama, na kisiki cha ule mmoja kimeanza kuchipua. Jana mwenyekiti alikuja uani, kofia mkononi, anaomba miche ya danzi apande kwake.

Nikamkatia kipande kikubwa. "Onja kwanza, mwenyekiti," nikamwambia. "Na usikunje uso."