Kiraka Kilichomfuta Doto

Kwa nini kompyuta ilikuwa inamkataa Doto? Mvua zilishaanza Inyonga, naye alifika kwenye chama chetu cha wakulima kuchukua mbolea yake. Jana yake nilikuwa nimeweka kiraka, yaani marekebisho madogo, kwenye programu ili utafutaji wa majina uende haraka: wenye baba mmoja, kijiji kimoja na tarehe moja ya kuzaliwa wahesabiwe mtu mmoja.

"Kaka, si umeshachukua asubuhi? Nimekuona!" nikamwambia.

"Huyo ni Kulwa, dada."

Mimi, ninayehoji hata mahubiri ya padri, nikamjibu, "Kompyuta haidanganyi."

Kulwa akaja akasimama kando yake, sura ileile. Foleni nzima ikacheka.

"Nyie wasomi, chuoni hamkufundishwa mapacha?" akauliza mwenyekiti wa chama.

Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa mwenyekiti huyo mwenyewe alikuwa amejiandikisha mara mbili, kwa tarehe mbili za kuzaliwa, na kiraka changu hakikumnasa.