Udi wa Nyumba Ngeni

Wazazi wangu walikuja Ulaya kuniambia kwamba nyumba yetu ya Deira, Dubai, haikuwa yetu tena, wakachukua siku sita kulisema. Katika siku hizo tulipanda treni, tukalala miji minne, na mimi nikawagombeza kwa kuchelewa, kwa mizigo, kwa kila kitu, huku wao wananitazama tu. Nikikumbuka sasa naona haya.

Nilikuwa mwaka wa tatu, na chuo changu cha Dubai kilinipeleka Milano kwa muhula mmoja. Wenzangu waliwaza baridi na mapenzi. Mimi niliwaza miezi sita. Mtoto wa watu wa Mombasa aliyezaliwa Dubai huijua sheria hiyo tangu mdogo: ukikaa nje ya nchi kupita miezi sita, ukaazi wako umekufa, hata kama kitovu chako kilikatwa hospitali ya hapo hapo. Ukaazi wangu ulining'inia kwenye ule wa baba, na wa baba ulining'inia kwenye kazi yake ya kukagua viungo katika ghala moja la Al Ras, kazi aliyoifanya miaka zaidi ya thelathini. Kwa hiyo nilinunua tikiti ya kurudi mapema kabisa, nikaichapisha, nikaibandika ukutani juu ya kitanda changu cha Milano.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba arbab, mwenye ghala, alikuwa amefariki, na wanawe hawakuitaka tena biashara ya viungo. Kazi ya baba ilikuwa imekwisha. Viza yake ingefutwa, ya mama nayo, na yangu pia. Nyumba ya kupanga ambayo sisi tuliiita yetu kwa sababu hatukuwa na nyingine ilikuwa imeshatolewa notisi, na vyombo vimeanza kutiwa maboksini. Mama alitaka waniambie kwa simu yaishe. Baba alikataa. Alisema mtoto haambiwi jambo kama lile na simu, anaambiwa na uso. Basi wakaomba viza, wakaja.

Niliwapokea uwanja wa ndege Milano, nikawabusu mikono, nikaanza kulalamika hapo hapo kuhusu masanduku. Yalikuwa mawili, moja la nguo za wote wawili na jingine la visheti, tambi kavu na achari ya embe. Katikati ya visheti, kimefungwa ndani ya soksi za baba, kulikuwa na chetezo kidogo cha umeme, kile cha kuchaji kama simu.

Kwa mama, nyumba ngeni haikaliwi hivi hivi. Akifika mahali asipopajua, hata iwe ni hoteli ya kulala siku moja, havui baibui mpaka afukize udi. Anaingia kwa mguu wa kulia, anatoa salamu ijapokuwa hakuna mtu ndani, kisha anazunguka pembe zote nne na moshi wake taratibu. Ukimuuliza anasema, "Nyumba itujue kwanza." Deira tulifukiza Alhamisi jioni tu, kwa raha zetu, maana ile ilikuwa inatujua.

Basi chumba changu cha Milano kikafukizwa. Msichana wa Kigiriki niliyeishi naye alifungua mlango akasimama, akavuta pumzi, akasema kunanukia kama kanisani kwa bibi yake. Nilipomtafsiria, mama alifurahi mno, akamwita karibu akamfukiza na yeye nywele. Baba alikaa kitandani kwangu na koti lake zito, anaitazama ile tikiti ukutani. Aliitazama muda mrefu. Nikamwambia, "Umeona nilivyo makini, Baba? Miezi sita hainipati mimi." Akasema, "Mashallah," akainama kufungua viatu.

Nilikuwa nimewaandalia ratiba. Naomba nisamehewe, lakini ilikuwa ratiba ya kweli, kurasa mbili, yenye dakika za kwenda choo. Verona, Venisi, halafu treni ndefu hadi Vienna. Nilitaka waone kila kitu, na nilitaka pia waone kwamba mimi ninajua njia. Maisha yangu yote baba ndiye aliyekuwa akishika pasi zetu zote mkononi. Safari ile nilizishika mimi.

Baba hakuitaka ratiba yangu, ingawa hakusema. Alitaka maduka ya viungo. Tukipita mbele ya kanisa kubwa ambalo watu wamevuka bahari kulitazama, yeye amegeukia upande wa pili, kuna dirisha lenye mitungi. Venisi aliingia duka moja dogo, akaniomba nimwambie mama mwenye duka amfungulie mtungi wa karafuu. Akamimina kiganjani. Akabonyeza moja kwa ukucha kuona mafuta, akanusa, akaanza kuzitenga zilizopotea vichwa.

"Miaka yote nafunga magunia naandika majina ya bandari," alisema. "Sijapata kujua mtu anayezipokea ana sura gani." Akamtazama yule mama, akatabasamu, na yule mama naye akatabasamu bila kujua kwa nini.

Treni yetu ilikuwa imebakiza dakika arubaini. Nikamwambia, kwa sauti ambayo bado naisikia, "Baba, hatukuja Ulaya kununua karafuu. Al Ras zimejaa tele, utazikuta."

Akazirudisha mtungini moja moja, hata zile zisizo vichwa. "Kweli," alisema. "Yalla, twende."

Kwenye treni ya Vienna nikawa mwema tena, kama nilivyo nikishinda. Theluji ilikuwa milimani, mama ameegemea kioo, na mimi nikaanza kupanga mambo ya kurudi. Nilisema nikifika nitabadili mapazia ya chumba changu, yale ya waridi ya kitoto. Mama akanitia kisheti mdomoni. Nikatafuna, nikasema labda pia tuhamishe kabati lile la baraza. Akanitia kingine.

"Mama, si nazungumza?"

"Kula kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa tangu Milano. Kila nikitaja nyumba nalishwa, nami nikadhani ni mapenzi tu ya mama aliyemkosa mwanawe miezi mitatu. Na yalikuwa mapenzi, ila yalikuwa na kazi nyingine.

Vienna tulifikia hoteli ndogo, ghorofa ya tatu, baada ya alasiri. Milano na Verona na Venisi mama alikuwa amefukiza madirisha wazi na hakuna aliyelalamika. Vienna baridi ilikuwa ya kuuma meno, akafunga dirisha, akafunga na mlango, akawasha chetezo. Mimi nilikuwa chini natafuta maji ya moto. Nikasikia mlio wa kengele ya moshi, nikadhani dunia imefika mwisho.

Hoteli nzima ilitolewa nje. Kulikuwa na mume na mke waliotoka kuoga, nywele zinatoa mvuke. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye mbwa ndani ya blanketi, na mzee wa peke yake aliyevaa joho la kuogea na ndara. Gari la zimamoto likaja. Mama alisimama kando ya njia na baibui lake, mikono ameificha kifuani, na mimi nilijua kabisa ameshika nini.

Askari wa zimamoto alikuja kwetu. Nilipomweleza, aliomba kukiona chetezo, akakinusa, akamwita mwenzake naye akakinusa. Hawakukasirika. Aliyekasirika ni mwenye hoteli, na mimi. Mama akaniuliza, "Hawa husemaje samahani?" Nikamfundisha neno. Akapita kwa kila mtu mmoja mmoja, mkono kifuani, analitamka lile neno vibaya. Alipofika kwa yule mzee mwenye ndara akavua mtandio wake wa sufi akamfunika mabegani.

Aliporudi nikamlipukia. "Kwa nini lazima, Mama? Siku mbili tu tunakaa hapa! Huwezi kungoja ufike kwako Deira, ukafukiza mpaka uchoke?"

Mama akamtazama baba.

"Deira hakuna, mwanangu," baba alisema.

Akaniambia yote pale pale kando ya njia, na mbwa anabweka. Arbab amekufa, kazi khalas, viza zote tatu, maboksi. Mwisho wa mwezi ujao wanarudi Mombasa, mji ambao mimi niliujua kwa likizo na harusi. Alisema kwa utulivu, kama anayesoma orodha ya shehena, akinitazama usoni kama alivyoahidi.

"Mlikuwa mnangoja nini?" nikauliza. "Nimalize kupiga picha?"

"Kila asubuhi tulisema leo," alijibu mama. "Kila asubuhi wewe una ratiba."

Niliondoka. Sikuwa na koti wala sikujua naelekea wapi, nikafika kona ya barabara nikasimama kwa sababu baridi haina huruma na mwenye hasira. Nilikuwa nalilia mapazia ya waridi. Kweli kabisa, si baba kupoteza kazi, si mama kufunga vyombo peke yake. Nililia kwamba mapazia yale niliyoyachukia yameshushwa na mtu na mimi sipo. Nikasikia ndara za mama nyuma yangu. Hakunikumbatia. Aliutoa mkono ndani ya baibui akanipa chetezo.

"Shika," alisema. "Kina moto bado."

Nikakishika kwa mikono miwili. Kilikuwa na moto, na kilinukia kama nyumba yetu. Tukasimama pale mpaka kikapoa.

Kesho yake ratiba niliitia kwenye pipa la hoteli. Nikampeleka baba soko la chakula la Vienna, na kila alichouliza nikatafsiri, hata maswali ya ajabu kuhusu magunia. Nikamwambia muuzaji mmoja kwamba baba yangu amekagua karafuu miaka thelathini. Yule bwana akaingia nyuma, akarudi na kikapu cha viungo, akamwomba amwambie ukweli. Mgongo wa baba ulinyooka. Alikaa pale saa mbili nzima, mama na mimi tumekaa kwenye ngazi tunakula visheti, na sikuitazama saa hata mara moja. Mwishowe alisema iliki ni nzuri, karafuu zilikaushwa kwa haraka. Muuzaji akampa mkono kama mtu ampavyo mkubwa wake.

Siku ya nane niliwasindikiza. Baba alinipa pasi yangu, ambayo sijui aliirudisha lini mfukoni mwake, akasema, "Ishike wewe."

Nilirudi Dubai kumalizia mwaka wa mwisho kwa viza ya mwanafunzi, nikalala bwenini katika mji wangu mwenyewe, mwendo wa basi moja kutoka kwetu. Mara moja tu nilipita chini ya nyumba. Kwenye baraza letu la juu kulikuwa na nguo za watoto nisiowajua. Sikupita tena. Baadaye nikapata kazi ofisi moja ya mizigo kwenye eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, nikapanga chumba kimoja ghorofa ya tisa, nikaanza kuweka akiba ya siku za likizo.

Mwaka huu nimewaombea wazazi wangu viza ya kutembea. Fomu ilitaka jina la mwenyeji, nikaandika langu. Ilitaka majina ya wageni, nikaandika yao, nikakaa muda natazama kioo cha kompyuta kabla ya kubonyeza.

Wamefika Alhamisi. Mama aliingia kwa mguu wa kulia, akatoa salamu. Nilikuwa nimepika, nimetandika, nilidhani atavua baibui akae. Hakuvua. Alisimama mlangoni, akatoa chetezo kwenye mkoba, kile kile, akainua macho darini.

"Kengele yao iwapi?"

Nikamwonyesha. Nikafungua dirisha pana, joto lote la Dubai likaingia na kelele za barabara. Akazunguka pembe moja moja, polepole kuliko zamani. Baba alikwenda dirishani akaniuliza kutoka hapa Al Ras ni upande gani. Nikamnyooshea kidole, akasimama akitazama huko.

"Mama," nikasema, "Dubai nayo unaifukizia? Si umekaa hapa miaka thelathini?"

"Mimi naijua," alisema. "Sijui kama yenyewe yanikumbuka."

Nikamwendea, nikachukua chetezo mkononi mwake. Nikamvua baibui mwenyewe, nikalining'iniza msumarini karibu na koti langu. Kisha nikamfukiza yeye, nywele, mabega, viganja vyote viwili, naye akanyoosha mikono kama mtoto anayevishwa. Udi ulipokwisha nikamwambia akae popote anapotaka, yuko kwake.