Njiwa Niliyemzungusha Jikoni

Mwaka ule tulikula malenge. Malenge ya kuchemsha asubuhi, malenge na maharagwe jioni, majani ya malenge Jumapili ili tuone tumebadilisha, na Malkia wa Waingereza alikuwa bado msichana kwenye stempu. Ndio mwaka niliopata aibu mbele ya kanisa zima la kwetu Bahati, kule Nakuru, na nikikumbuka hata sasa, mzee nilivyo, nafunika uso kwa leso (halafu nacheka).

Baba alikuwa anachuma maua meupe ya pareto kwenye shamba la mzungu, na mimi nilikuwa nachumbiwa na Barasa wa shamba la ng'ambo ya bonde. Mama yake hakuwa ameniona. Ilisemwa atanitazama siku ya sadaka ya mavuno, na asiponipenda, basi, Barasa atatafutiwa mwingine, maana kijana yule hakuwa na ulimi mbele ya mama yake.

Sasa nipeleke sadaka gani? Wote watapeleka malenge! Mimi nikajiona mwerevu. Mvua ya mawe ilikuwa imeniangushia njiwa mweupe nyuma ya nyumba, bawa limeumia, nikamwokota, nikasema huyu Mungu kanipa. Nikamfanyia vile kwetu tunamfanyia kuku mgeni ili asahau alikotoka: nikamzungusha kwenye mafiga, nikamfunga mguu kwa uzi wa leso yangu, nikamfunika kwa tenga. Kuku ukimfanyia hivyo, siku chache tu anakuita mama. Njiwa naye akapona, akanona, akawa analala mkononi mwangu kama mtoto, na mimi nikaamini kile kichwa kidogo kama njugu kimemaliza kusahau.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu mwepesi, na sadaka zilipokelewa nje, juu ya kilima, ziwa la Nakuru likionekana chini kabisa, jekundu-jeupe kwa flamingo, kama kitu unachoota. Nikamfungua njiwa uzi (nani alinituma? Kiburi tu), nikamwinua kwa mikono miwili watu wamwone vizuri. Mama Barasa, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe, akamnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kusikika mpaka Gilgil, "Huyo ndiye wetu. Unaona mikono yake?"

Njiwa akaruka.

Akapanda, akazunguka juu yetu polepole, na shingo zetu zote zikazunguka naye, mzee wa kanisa kinywa wazi, na kwa kitambo nikasahau niko wapi, nikahisi ni mimi niko kule juu, mashamba ya pareto yakipita chini yangu kama maziwa yaliyomwagika. Halafu akanyooka. Akavuka bonde kama aliyeitwa kwa jina, akashuka kwenye paa moja la nyasi, akaingia katika sanduku la mbao lililoning'inia pale.

"Lakini hiyo si nyumba ya Mama Barasa?" mtu mmoja akauliza.

"Ni njiwa wangu!" Mama Barasa akapiga kelele. "Nimemlilia tangu ile mvua ya mawe!"

Watu wakaangua kicheko. "Msichana anamtolea Mungu njiwa wa mama mkwe!"

Nikafunika uso kwa leso. "Mama, sikuiba. Nilimwokota, nikamzungusha jikoni ili asahau."

"Njiwa? Jikoni? Kama kuku?" Akacheka mpaka akashikilia mti. "Wewe akili ya njiwa imekushinda. Lakini bawa umelitibu mpaka limevuka bonde. Mwanangu utamtunza."

Mjukuu wangu Nekesa (amesoma mpaka chuo kikuu, na uji nilimnywesha mimi, muulize) ananiambia, "Kukhu, kwenye ubongo wa ndege kuna sehemu ndogo inayoshika mahali: mti ule, mto ule, paa lile. Kwa njiwa wanaozoea kuruka mbali, huwa kubwa kuliko kwa wanaofungiwa." Nikamwuliza, kwani mafiga yangu hayakuingia humo? Akasema yaliingia, lakini mapya hayakufuta ya zamani.

Tulipooana, Barasa alikuwa amepata kazi ya reli mjini. Siku ya kuhama, mama yake akaja na njiwa yuleyule amemkumbatia, na watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Chukua. Sasa nakupa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Asante mama, lakini njiwa sitaki. Nipe kuku."

"Chukua, mtoto wangu. Safari hii ni wako kabisa."

Nikamtazama njiwa. Alikuwa ameshageuza shingo, anatazama paa lake.

"Asante mama, lakini njiwa sitaki. Nipe kuku."