Pikipiki ya mashindano barabarani: yaliyonikuta Tongoni nikienda kuozesha

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe, na anayebisha aje Tanga nimwoneshe pikipiki.

Kwanza mnijue. Mimi ni darasa la saba. Nilianza kwa kuziba pancha barabarani, leo nina gereji yangu na duka la spea. Injini naisikiliza tu, najua inaumwa wapi.

Sasa nikajipatia pikipiki ya mashindano, zile za kurukia matuta kwenye vumbi. Ndefu kama ngamia. Ukigusa mafuta, gurudumu la mbele linatazama mbinguni.

Kiwandani inatoka haina taa, haina honi, haina vioo. Kazi yake ni uwanjani.

Nikasema, hilo tu? Nikafunga taa, indiketa, honi na vioo vya bodaboda. Kazi safi. Kwangu mimi ikawa ya barabarani.

Ijumaa moja naozesha Kigombe, binti wa marehemu kaka yangu. Wali wake ni mimi, bila mimi ndoa haifungwi.

Nikakunja kanzu kiunoni, kofia mfukoni, helmeti kichwani. Nilitaka wanisikie kabla hawajaniona.

Tongoni nikapigwa mkono nisimame. Trafiki mwanamama, mpole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Umependeza. Namba ya pikipiki iko wapi?"

Nikawasha taa. Nikapiga honi. Indiketa kulia, kushoto. Akasubiri nimalize.

"Vyote vinawaka, baba. Lakini hii ni ya mashindano, haijasajiliwa. Haina namba wala kadi, kwa hiyo haina bima. Ukimgonga mtu hapo mbele, nani atamtibu?"

Nikakunjua kanzu aione.

"Mwanangu, nina ndoa inanisubiri."

"Wewe nenda. Yenyewe haitembei tena."

Simu ikaita, mdogo wangu. "Kaka, shehe keshakaa. Mpe mtu uwakala kwa simu tumalize."

Nikamkatalia. Marehemu alinikabidhi mtoto mimi, neno la kumwoza litoke mdomoni mwangu.

Ikatokea kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, imeshusha samaki mjini, inarudi Kigombe tupu. Nikaisimamisha.

Trafiki akacheka. "Hapo sawa. Mzigo hauhitaji namba." Akaniandikia kosa langu, tukaipandisha pikipiki. Mbele kumejaa, nikakaa nyuma, juu ya pikipiki yangu, nimeshika usukani.

Tumeingia Kigombe hivyo hivyo. Watu wakatoka nje kuangalia.

Dada yangu akaziba pua. "Sisi tumepika pilau, wewe unatuletea shombo?"

"Nipishe nioze kwanza, utanisema baadaye."

Nikanawa, nikashika mkono wa bwana harusi, nikamwozesha mwanangu. Hakuna wali aliyewahi kuingia Kigombe kama mimi.

Somo: taa na honi fundi anafunga. Usajili fundi hafungi, hata awe mimi. Kabla hujanunua, uliza kama aina hiyo inasajilika kwa barabara. Kama haisajiliki, iwe na gari la kuibeba.

Yangu sasa inapanda gari mpaka shambani kwangu Mwera, huko ndiko naikimbiza.

Kuna aliyefanikiwa kusajili ya namna hii? Aseme alipitia wapi. Na wa kunicheka waje, shombo lilishatoka kitambo.