Kiyoyozi Tulichokitunza kwa Safari ya Ubaruku

Kila ninapofungua boneti ya gari langu, na siku hizi naifungua mno, hunijia harufu ileile: vumbi la moto, oili, na plastiki iliyopigwa jua. Wenzangu hukumbuka utoto kwa harufu ya maandazi. Mimi, maskini, ni injini. Kiyoyozi kimegoma tena. Nasimama mikono kiunoni, nimechoka, na nikifumba macho tu niko kando ya barabara pale Igawa, sweta la Mafinga nimelishika mkononi kwenye joto la Usangu, na Baba ameinamia injini akisema haiwezekani, mbona hiki ni kizima.

Kizima, ndivyo tulivyoamini sote. Baba alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, koti lake likinuka utomvu wa misonobari hata Jumapili kanisani, na gari lile alilinunua likiwa limeshazeeka mikononi mwa wengine kwa sababu moja tu: lilikuwa na kiyoyozi. Majirani walimcheka. Mafinga mtu anatafuta blanketi. Asubuhi za Juni ukungu unakufuata mpaka mlangoni na maji ya kunawa yanauma vidole. Lakini Mama alikuwa na pumu. Kwao ni Ubaruku, kwenye mpunga, na wakati wa mavuno njia ya kuingia huko ilikuwa vumbi tupu, malori yakipishana na pumba zikiruka kutoka mashineni. Ukifungua vioo, Mama anakosa pumzi. Ukivifunga, joto linamkaba vilevile. Hakuwa amemwona mama yake tangu kifua kianze kumsumbua, na Bibi sasa alikuwa haoni, hatoki kitandani, na kila aliyetoka huko alisema anamuulizia. Baba akaahidi kumpeleka msimu ule, vioo juu, amekaa kama malkia.

Kwa ajili ya safari hiyo kiyoyozi kilitunzwa. Ole wako uguse kile kitufe! Baba alituambia kinakula mafuta, kinachosha injini, kiacheni kipumzike mpaka siku ya Bibi. Miezi yote ile tuliwasha hita tu. Mama mwenyewe alikuwa akipitisha kitambaa juu ya kitufe kile taratibu, kama anavyofuta vikombe vya wageni.

Basi tukashuka. Tulipoiacha Makambako joto likaanza kutupokea, tukavua masweta, na Baba akabonyeza kitufe kwa madaha. Feni ikanguruma, ukatoka upepo wa moto kama wa jikoni. Akasubiri, akapandisha, akashusha. Igawa akasimama. Akaangalia mkanda, upo, fyuzi, nzima, akapangusa vumbi mbele ya rejeta kwa koti lake la kanisani. Fundi wa jirani akaja, akagusa mabomba, akauliza kiliwashwa lini mara ya mwisho. Baba akajibu kwa fahari kwamba tangu anunue gari hakijawashwa hata siku moja. Fundi akamweleza kwa upole kwamba kiyoyozi kisipofanya kazi vimpira vya kwenye maungio vinakosa oili, vinakauka, na gesi inavuja polepole mpaka inaisha. Hata kwenye baridi kilipaswa kuwashwa mara mojamoja. Gesi ya kujaza hakuwa nayo. Ilikuwa mpaka Mbeya mjini. Jamani, sijapata kuona uso wa mtu mzima ukianguka vile.

Baba alitaka turudi. Mama alikuwa ameshalowesha kanga kwa maji yetu ya kunywa, akajifunga puani. "Fungua vioo, Baba Neema," alisema. "Mama yangu hawezi kusubiri gari lipone."

Njia ile sitaki kuieleza. Mama aliingia chumbani kwa Bibi akiwa ameshikiliwa, kifua kinapiga mluzi, dawa yake ya kuvuta haimsaidii tena. Akakaa kitandani, akamshika mkono. Bibi akaupapasa ule mkono, akauliza ni nani huyu, mbona hasemi. Mama akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Baba akamjibu kwamba ni binti yake, amefika.

"Binti yangu angeniamkia," Bibi alisema, akautoa mkono wake.

Kulipokucha Bibi alikuwa hatambui mtu tena. Sauti ya Mama ilimrudia msibani.

Siku hizi Mama ana dawa nzuri, kifua kimetulia, na mwenye gari ni mimi. Nawapeleka kanisani kila Jumapili. Baba, mzee sasa, hukaa mbele, na hata asubuhi ya Julai, vioo vimejaa ukungu, mkono wake hunyooka na kubonyeza kile kitufe. Mama nyuma hujifunika blanketi. Siku moja nilitaka kukizima, meno yananigongana, Mama akanigusa bega. "Mwache," alisema.

Leo ni Jumamosi, na kimegoma. Fundi wangu ananishangaa, na koti lake zito mwilini: baridi yote hii, dada, kiyoyozi cha nini? Nimechoka, sina nguvu ya kumsimulia. Namwambia atengeneze tu, kesho tunakwenda kanisani.